Mapanga ya Ndege za Umeme na Hewa ya Arusha

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Arusha.)



Mwezi Septemba, 2025, chombo kidogo cha angani kiliruka mjini Kigali bila rubani ndani yake, wakati wa mkutano wa usafiri wa anga wa Afrika. Chombo hicho kilitengenezwa China na kampuni ya EHang. Huendeshwa kwa betri, kina viti viwili, na huinuliwa na rafadha 16. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2022, Fahari Aviation, kampuni tanzu ya Shirika la Ndege la Kenya, ilitia saini barua ya kusudio la kupata hadi vyombo 40 vya jamii hiyo kutoka kampuni ya Eve, iliyozaliwa na Embraer ya Brazil. Ni dhahiri basi kwamba jambo hili limekwisha kubisha hodi katika Afrika Mashariki.

Ndege hizi hukusudiwa kuruka juu ya miji, kuinuka wima bila ya kuhitaji kiwanja kirefu, na kumfikisha abiria au mzigo kwa muda mfupi. Vikwazo vyake vikubwa viwili ni betri na kelele, na vyote viwili hukutana mahali pamoja, yaani kwenye mapanga yanayozunguka. Ndiyo maana vyuo vikuu vingi duniani vimejitia katika utafiti wa namna ya kutengeneza rafadha na feni zenye utulivu zaidi na zisizokula umeme mwingi.

Yapo maswali ambayo mwananchi wa Kaloleni, wa Ngarenaro au wa Usa River ana haki ya kuyauliza. Je, utafiti huo una uhusiano gani na Arusha? Je, si anasa ya mataifa tajiri? Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba uhusiano upo, na kwamba chanzo chake ni kitu ambacho kila mkazi wa hapa anakivuta puani usiku na mchana. Kitu hicho ni hewa ya Arusha.

KAZI YA MAPANGA

Rafadha ni mapanga yanayozunguka na kuisukuma hewa. Yakifungwa ndani ya duara lenye ukuta, wataalamu hupendelea kuyaita feni. Kwa vyovyote vile kazi ni ile ile. Mapanga huitupa hewa chini au nyuma, na chombo husukumwa juu au mbele.

Hapa ipo kanuni moja ambayo mwalimu wa fizikia anaweza kuieleza ubaoni kwa dakika chache. Uzito ule ule unaweza kuinuliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchukua hewa kidogo na kuitupa kwa kasi kubwa. Njia ya pili ni kuchukua hewa nyingi na kuisukuma polepole. Njia ya pili ndiyo yenye ufanisi. Tuseme chombo kina uzito wa kilo 1,000, na jumla ya eneo linalofagiliwa na mapanga yake ni mita za mraba 5. Kwa hesabu ya nadharia, bila kuhesabu upotevu wowote, chombo hicho kitahitaji kama kilowati 278 ili kining'inie angani penye hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Eneo likiongezwa mara nne, likawa mita za mraba 20, nguvu inayohitajiwa hushuka hadi kilowati 139 hivi, yaani nusu.

Tofauti hiyo ni kubwa sana kwa chombo cha betri. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya kilowati-saa 12 hivi, lakini kilo moja ya betri za kisasa za lithiamu hubeba kama robo tu ya kilowati-saa. Hata baada ya kukumbuka kwamba mota ya umeme hupoteza kidogo kuliko injini ya mafuta, pengo hilo halizibiki. Rubani wa ndege ya mafuta anaweza kuvumilia mapanga yasiyofaa kwa kuongeza mafuta katika tangi. Mwenye ndege ya betri hana nafasi hiyo, maana betri ikiongezwa, uzito nao huongezeka, na uzito nao hudai umeme zaidi.

KELELE INATOKA WAPI

Waswahili husema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kwa methali hiyo mtu anaweza kudhani kwamba kelele ya rafadha ni nguvu inayopotea bure, na kwamba ikinyamazishwa umeme mwingi utaokolewa. Fikra hiyo ina ukweli, lakini si kwa maana inayodhaniwa. Chombo kinachosikika kwa desibeli 65 kutoka umbali wa mita 100 hutoa sauti ambayo nguvu yake yote, ikikusanywa pande zote, haifiki hata wati moja. Sikio la binadamu ni chombo kikali mno, nalo husumbuliwa na nguvu ndogo ambayo isingeweza kuwasha hata taa ya baiskeli.

Kwa hiyo kelele si upotevu wenyewe, ila ni dalili yake. Panga linalopasua hewa kwa kasi kubwa, linaloacha nyuma yake hewa iliyovurugika, au linalokutana na msukosuko ulioachwa na panga lililotangulia, hupiga kelele na pia hupoteza umeme. Mtafiti anayeondoa chanzo kimoja mara nyingi hujikuta amepunguza madhara mawili.

Kasi ya ncha za mapanga ndiyo mkosaji mkuu. Mwaka 1936 mtaalamu wa Kirusi, Gutin, alitoa nadharia ya sauti ya rafadha. Mwaka 1952 Mwingereza James Lighthill, akiwa Chuo Kikuu cha Manchester, aliweka msingi wa elimu ya sauti inayozaliwa na mwendo wa hewa. Elimu iliyojengwa juu ya misingi hiyo inaonyesha kwamba uvumi wa mapanga hukua kwa kadiri ya kipeo cha tano au cha sita cha kasi yake. Maana yake ni kwamba kasi ikipunguzwa nusu, nguvu ya uvumi huo hupungua zaidi ya mara 30. Basi dawa ya kwanza inajulikana: mapanga makubwa, yazunguke polepole. Lakini dawa hiyo ina gharama. Mapanga makubwa ni mazito, yanataka mota yenye nguvu ya kuyazungusha, na yanataka nafasi. Mhandisi hana budi kupima kila faida na hasara yake, na hapo ndipo utafiti unapohitajika.

Dawa nyingine imetoka kwa kiumbe ambacho watu wengi hukiogopa. Bundi, anayedhaniwa na wengi kuwa ni ndege wa mkosi, huruka usiku akamkaribia panya bila ya kusikika. Mwaka 1934 Mwingereza Robert Rule Graham alieleza mambo matatu katika mbawa zake: meno kama ya kitana kwenye ukingo wa mbele, nyuzi laini kwenye ukingo wa nyuma, na manyoya mororo kama mahameli juu ya bawa. Wahandisi wamekuwa wakiiga mambo hayo kwa kukata meno kwenye kingo za mapanga ya feni na ya mitambo ya upepo, na kelele imepungua.

Yako pia mambo ya mpangilio. Sikio huchukizwa zaidi na sauti moja kali inayorudiarudia kuliko mvumo uliotawanyika. Kwa sababu hiyo feni ya mkia wa baadhi ya helikopta, iliyofungwa ndani ya duara, imepangwa mapanga yake kwa nafasi zisizolingana, ili sauti isikusanyike pamoja na kuwa filimbi.

VYUO VIKUU VINAFANYA NINI

Kati ya mwaka 2003 na 2006, Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza na chuo cha MIT cha Marekani vilishirikiana kuchora ndege kubwa ambayo isingesikika nje ya mipaka ya kiwanja. Ndege hiyo haikujengwa, lakini watafiti waliojifunza katika kazi hiyo wameendelea kufundisha wengine. Baadaye maabara moja iliyo chini ya MIT ilibuni rafadha ambayo mapanga yake yamejikunja na kuungana kama kitanzi. Mwaka 2021, shirika la NASA la Marekani lilipanga vipaza sauti vingi uwanjani na kupima kelele ya ndege ya umeme ya kampuni ya Joby. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilitangaza kwamba ndege yake, ikipita kwa mwendo wa kawaida kiasi cha mita 500 juu, ilisikika chini kwa desibeli 45 hivi, yaani chini ya sauti ya mazungumzo ya kawaida.

Si kila juhudi imefaulu. Vijana wanne kutoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, walianzisha mwaka 2015 kampuni ya Lilium, wakachagua feni nyingi ndogo zilizofungwa ndani ya mbawa. Feni hizo zilikuwa na sifa ya utulivu, lakini eneo lake dogo lilidai nguvu kubwa sana wakati wa kuinuka wima. Kampuni hiyo iliishiwa fedha ikafilisika mwaka 2024. Wapo waliocheka. Lakini vipimo vilivyopatikana na vijana waliofunzwa hubaki kuwa mali hata baada ya kampuni kufa.

HEWA YA ARUSHA

Sasa turudi nyumbani. Kiwanja cha ndege cha Arusha kipo Kisongo, magharibi ya mji, zaidi ya mita 1,380 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida ya usawa wa bahari ina uzito wa kilo 1.225. Pale Kisongo, mchana wenye joto la nyuzi 25, mita hiyo moja ina uzito wa kama kilo 1.0 tu. Anayepanda Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, huyaona hayo kwa mapafu yake mwenyewe. Mapanga ya ndege nayo "huhema" vivyo hivyo.

Matokeo yake yanahesabika. Chombo kile cha kilo 1,000 chenye eneo la mita za mraba 20, kilichohitaji kilowati 139 katika hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, kitahitaji kama kilowati 154 kikiwa Arusha. Mapanga yale yale, ili yainue uzito ule ule, hayana budi kuzunguka kwa kasi zaidi kwa sehemu kumi katika mia au zaidi kidogo. Rafadha ya kipenyo cha mita 2 iliyokuwa ikizunguka mara 1,200 kwa dakika itazunguka kama mara 1,330, na ncha zake zitatoka mwendo wa mita 126 kwa sekunde na kufikia 139. Kama ina mapanga matano, mlio wake utapanda kutoka mitetemo 100 kwa sekunde hadi 111.

Kwa lugha nyepesi, ndege iliyopewa sifa ya utulivu kando ya bahari itakuja Arusha ikiwa na mlio wa juu zaidi, uvumi uliozidi, na betri inayokwisha mapema. Cheti kilichoandikwa kwa vipimo vya pwani ya California hakitasema uongo. Kitakuwa kimesema kweli ya mahali pengine.

Wala Arusha haiko peke yake. Kigali, Nairobi na Addis Ababa ni miji ya nyanda za juu, na yote iko juu zaidi ya Arusha. Wakazi wake kwa mamilioni wanahusika na swali hili hili, lakini vipimo vingi vinavyosifiwa vimefanyika katika mabonde ya nchi nyingine. Mwenye kuamua juu ya kelele atakuwa nani, ikiwa hakuna aliyeipima hapa?

FUNZO LA MAJI YA MERU

Watu wa Arusha hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Maji ya chemchemi nyingi za Mlima Meru ni meupe na mazuri kwa macho, lakini yana madini ya floraidi kupita kiasi kwa sababu ya miamba ya volkano. Vizazi vingi vya watoto vimekua na meno ya kahawia, na wengine mifupa yao imepinda. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba lita moja ya maji isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Tanzania, kwa kukosa maji mengine na njia ya kuyasafisha, ililazimika mwaka 1974 kuweka kipimo cha muda cha miligramu 8.

Ukombozi haukuletwa na cheti kutoka nje. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kiliyapima maji ya hapa hapa na kuendeleza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Baadaye Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru, alitengeneza kichujio kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 kichujio hicho kilimpatia tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi kutoka chuo cha kitaaluma cha wahandisi wa Uingereza. Kilichofanyika kwa maji kinaweza kufanyika kwa hewa. Msingi wake ni ule ule: kupima kilicho chetu kabla ya kukubali jibu la wengine.

WANYAMA NA WAKULIMA

Pana sababu nyingine ya pekee. Arusha ni lango la hifadhi. Ndege ndogo huondoka Kisongo kwenda Serengeti na kwingineko, na Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko karibu kabisa na mji. Mgeni anayekuja kusikiliza ukimya wa msitu wa Meru hakuja kusikiliza rafadha. Aidha, wanyama husikia mlio ambao binadamu huupuuza.

Jambo hilo limekwisha kuthibitishwa kwa namna ya kufaa. Shirika la Honeyguide, lenye makao yake Arusha, lilishiriki katika kazi ya kuwafundisha askari wa wanyamapori kutumia ndege ndogo zisizo na rubani kuwafukuza tembo mashambani, katika maeneo ya jirani na Tarangire na Serengeti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Tembo walikimbia, na moja ya sababu zilizofikiriwa ni kwamba mvumo wa mapanga hufanana na wa nyuki, ambao tembo huwaogopa. Kwa mkulima ambaye mahindi yake yameokolewa, kelele hiyo ni neema. Kwa hifadhi ya watalii ni kero. Mwenye elimu ya mapanga anaweza kutengeneza yanayonguruma pale yanapotakiwa kunguruma, na yanayonyamaza pale yanapotakiwa kunyamaza. Asiye na elimu hiyo hupokea anacholetewa.

Usafirishaji wa dawa nao usisahaulike. Mwaka 2018 ndege ya umeme isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, mwendo wa kilometa 60 juu ya Ziwa Victoria kwa dakika 40 hivi. Vijiji vya miteremko ya Meru na nyanda za Longido na Monduli vina zahanati zilizo mbali na barabara nzuri. Ndege ya namna hiyo ikija huko, itakuta hewa nyepesi.

HOJA YA UHABA

Wapo watakaosema kwamba shule zinahitaji madawati na zahanati zinahitaji dawa, na kwamba fedha ya taifa haiwezi kuchezewa kwa mapanga. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Lakini utafiti huu hauhitaji kuanza kwa kujenga ndege. Unaanza kwa mota ndogo, mapanga yaliyochongwa karakanani, mizani, kipima mzunguko na kipaza sauti.

Zaidi ya hayo, elimu ya feni haikai angani peke yake. Ofisi za serikali zina mapangaboi na viyoyozi, hospitali zina mitambo ya hewa, na ghala za nafaka zina vikaushio. Sheria ya feni inasema kwamba nguvu inayoliwa hufuata kipeo cha tatu cha kasi ya mzunguko. Feni ikipunguzwa kasi kwa sehemu moja ya tano, umeme unaotumika hushuka karibu nusu. Pangaboi la mota ya kisasa hutumia kama wati 30, ambapo la zamani hutumia zaidi ya 70. Ofisa mwenye dhamana ya kulipa ankara za umeme hawezi kusema kwamba habari hiyo haimhusu.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, taasisi ya Tengeru, yenye wanafunzi wa shahada za juu katika nishati na malighafi, pamoja na Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani, vinafaa kuwa na benchi moja la kupimia rafadha katika hewa ya hapa. Chuo cha Ufundi tayari kina kituo chake cha Kikuletwa, wilayani Hai, kinachohusika na nishati jadidifu. Anayeijua tabani ya maji amekwisha kupiga nusu ya njia, kwa kuwa tabani ni rafadha iliyogeuziwa kazi: badala ya kuyasukuma maji, husukumwa nayo.

Pili, Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wasimamizi wa mazingira wadai vipimo vilivyochukuliwa katika kimo cha mahali ndege itakapotumika. Tanzania inazo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015. Kanuni bila kipimo ni maneno matupu.

Tatu, walimu wa sekondari waziingize hesabu hizi darasani. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukokotoa kasi ya ncha ya panga, idadi ya mitetemo yake, na uzito wa hewa ya shule yake mwenyewe. Mwanafunzi aliyepima hewa anayoivuta ataielewa fizikia kuliko aliyekariri hewa ya kitabuni.

Ndege za umeme huenda zikafika Arusha mapema, huenda zikachelewa. Kampuni nyingine zitakufa na nyingine zitazaliwa. Lakini siku muuzaji atakapotua Kisongo na kutamka kwamba chombo chake hakina kelele, atakutana na ofisa mwenye wajibu wa kumjibu. Ofisa huyo atakuwa amefundishwa na mwalimu aliye darasani leo. Ni vema awe na kipimo mkononi.